Ejenti wa AI anaandika rekodi za DNS, funguo nimebaki nazo mimi: uzoefu wangu na DNSControl

Mi natunza websaiti na imeili za wateja wadogo wadogo hapa Dar, na siku hizi rekodi karibu zote za DNS (daftari la mtandao linalosema jina la domeini linaelekea seva ipi na imeili zake ziende wapi) anaziandika ejenti wa AI, yani programu ya AI inayofanya kazi ukiiagiza, yangu ni kusoma na kukubali au kukataa. Kinachofanya hilo liwezekane ni DNSControl, programu ya bure iliyoanzia kwa watu wa Stack Overflow. Naipenda ila sio yote, ntasema.

Rekodi zote za domeini zinakaa kwenye faili linaloitwa dnsconfig.js na ejenti anagusa hilo faili tu basi. Kuna komandi ya `dnscontrol check`, inaangalia kama faili limeandikwa sawa na haihitaji tokeni yoyote (ufunguo wa siri wa kuingilia kwa mtoa huduma wa DNS), hiyo namwachia aipige mpaka achoke. Af kuna `dnscontrol preview`, hii ndo tamu yenyewe, inaenda kusoma zoni (rekodi zote za domeini moja) ilivyo hewani muda huo inalinganisha na faili inakutolea orodha, hii CREATE hii MODIFY hii DELETE, na haibadilishi rekodi yoyote. Kubadilisha kwenyewe ni `push`, mi naipiga na `-i` mwishoni ili iniulize badiliko moja moja. Preview na push zinapigwa kwenye laptopu yangu ambako ndo tokeni ilipo, ejenti yuko mashine nyingine kabisa na hiyo tokeni hajawahi kuiona.

Hapo kwenye tokeni ndo watu wengi wanajidanganya. Unakuta mtu kampa ejenti tokeni yenye nguvu zote halafu anasema nipo salama kwa sababu inaniuliza "niendelee?" kabla ya kufanya. Aisee, pale unachosoma ni maelezo ya ejenti kuhusu anachotaka kufanya, na maelezo ya ejenti siku zote ni matamu. Preview haijali ejenti kasema nini, inakuonyesha kitakachotokea.

Mfano hai: mteja alitaka kuanza kutuma jarida kwa huduma nyingine huku imeili zake za ofisi ziko Google. Ejenti akaandika "nimeongeza SPF ya huduma mpya" (SPF ni rekodi inayosema nani anaruhusiwa kutuma imeili kwa jina la domeini yako), ukisoma hivyo unaona freshi tu. Kwenye preview nikaona CREATE ya TXT (rekodi ya maandishi, SPF inakaa humo) mpya inayoanza na v=spf1 wakati ya zamani yenye include:_spf.google.com bado ipo palepale, nilitegemea MODIFY. RFC 7208, yani kanuni rasmi ya SPF, iko wazi, jina moja likiwa na SPF mbili mpokeaji anahesabu permerror (kosa la kudumu), yani hata imeili za ofisi zilizokuwa zinafika vizuri zingeingia matatani. Nikamrudishia akaziunganisha kuwa moja, tukahesabu na lukapu (mara ambazo SPF inamlazimu mpokeaji kuuliza DNS) zisivuke 10. Na kumbuka DNS ukikosea huirudishi papo hapo, rekodi yenye TTL (muda wa kutunzwa, kwa sekunde) ya 3600 inaweza kukaa kwenye kumbukumbu za risolva (seva zinazowatafutia watu majibu ya DNS) saa nzima hata kama wewe umesharekebisha, ndo maana kukubali kunatakiwa kuwe kabla.

Sasa ubaya wake. Kwa kawaida hiki kitu kinafuta kila rekodi ambayo haipo kwenye faili, kwahiyo kabla hujaanza vuta kwanza zilizopo kwa `dnscontrol get-zones`, usimwambie ejenti aanze faili tupu. Ipo NO_PURGE ya kuzuia kufuta ila nayo ina shida yake, CNAME (rekodi inayoelekeza jina lako kwenye jina jingine) za huduma ulizoacha zinabaki zinaning'inia na mjanja akienda kusajili hilo jina jingine kwenye huduma hiyo sabdomeini yako inakuwa yake, mi siitumii, bora nisome kila DELETE kwa macho mawili. Af faili lenyewe ni JavaScript, yani kodi kamili na sio orodha tu, kwahiyo usisome preview peke yake, soma na kilichobadilika kwenye faili, git (programu ya kutunza historia ya faili) inakuonyesha.

Kingine, inahitaji mtoa huduma wa DNS mwenye API, yani mlango wa programu kuzungumza naye moja kwa moja. Registra niliponunua .co.tz hana, ikabidi nemuseva (seva zinazojibu maswali ya DNS ya domeini) nizielekeze Cloudflare kwenye mpango wao wa bure. Tokeni ya kule unaweza kuifunga kwa domeini moja na kuiwekea tarehe ya kufa, fanya hivyo hata kama inakaa kwako, ila huwezi kuiambia iguse TXT tu iache MX (rekodi ya kupokelea imeili), ukishaipa ruhusa ya kuhariri ni zoni nzima, mi hapo ndo panaponiudhi.

Na kama anayekubali hajui tofauti ya A na CNAME hii yote haimsaidii, atabonyeza y mpaka mwisho. Kwa mwenye domeini moja na rekodi tano sioni haja, ingia kwenye paneli jaza kwa mkono. Mi na zoni zangu zote hizi sirudi huko.