Google Flights ni nzuri kutafutia tiketi ya sikukuu, ila kulipia lipia kwingine

Niseme mapema kabisa, Google Flights haiuzi tiketi. Kuna watu wanaingia pale wakidhani ndo duka lenyewe, kumbe unaonyeshwa tu bei halafu ukibonyeza unapelekwa kwenye saiti ya shirika la ndege au ya wakala, huko ndo unatoa kadi. Kuna kipindi waliruhusu kulipia humohumo ila wakaachana nayo. Kwa hiyo mi hapa naongelea chombo cha kutafutia, na kwa kutafutia aisee sijaona cha kukizidi, hasa msimu wa sikukuu ambapo kila mtu anataka kuondoka siku ileile na kurudi siku ileile.

Kwanza spidi. Unaandika unapotoka na unapokwenda, bei zishajaa. Google walimaliza kuinunua ITA Software mwaka 2011 kwa dola milioni 700, kampuni iliyoanzishwa miaka ya 1990 na watu wa kompyuta kutoka MIT, kile chuo cha teknolojia cha Marekani, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuchambua nauli. Na nauli za ndege si mchezo, siti mbili zilizopakana zinaweza kuwa na bei mbili tofauti kabisa na kila moja na masharti yake. Google Flights yenyewe ikatoka mwaka huohuo.

Lakini kinachonirudisha pale ni kalenda. Ukigusa tu sehemu ya tarehe unaona bei chini ya kila siku, na zile za chini zimeandikwa kwa kijani. Ukishatafuta kuna jedwali la tarehe, upande mmoja siku za kuondoka, upande mwingine siku za kurudi, na kila kisanduku kina bei yake ya kwenda na kurudi. Kipindi cha Krismasi fungua hilo jedwali ulitazame bila haraka. Siku tatu nne kabla ya sikukuu bei zimepanda balaa, tarehe 24 zinaanza kulegea, na tarehe 25 yenyewe mara nyingi unakuta zimeshuka kabisa maana nani anataka kula sikukuu angani. Halafu angalia upande wa kurudi, hapo ndo watu wengi wanapigwa bila kujua, wanahangaika na siku ya kwenda wee mpaka wanapata ya rahisi halafu wanarudi ile wikiendi ya kwanza ya Januari ambayo dunia nzima inarudi kazini, faida yote inaishia hapo. Sogeza kurudi kwa siku mbili tu katikati ya wiki uone kisanduku kinavyobadilika.

Sasa kama tarehe zako hazisogei, labda bosi kakupa siku zako na hazina mjadala, au shule zinafungua Jumatatu basi, hiyo kalenda ni pambo tu. Hapo kilichobaki ni kusogeza kiwanja cha ndege, na Google Flights inakuruhusu kuweka viwanja kadhaa kwa mkupuo kwenye kisehemu kimoja cha kutafutia. Ila soma jina la kiwanja vizuri kabla hujashangilia. Frankfurt-Hahn iko kama kilomita 120 kutoka Frankfurt yenyewe, Beauvais inayouzwa kama Paris iko kama kilomita 85 kutoka Paris, na London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City mpaka Southend. Piga hesabu ya basi au treni ya kukufikisha mjini, na kama ndege inatua saa sita usiku basi piga na hesabu ya teksi, ndo useme umepata rahisi.

Kitu kingine ni hiki cha kutafuta mkiwa wengi. Mashirika ya ndege yanagawa siti kwenye mafungu ya bei, na mara nyingi mfumo ukiombwa siti nne unatafuta fungu lenye siti zote nne. Kwenye fungu la bei ya chini zikiwa zimebaki mbili tu, wote wanne mnatozwa bei ya fungu la juu, hata wale wawili ambao siti zao za rahisi zipo. Kwa hiyo kama ni familia, weka abiria wanne, gawanya jumla upate bei ya kichwa kimoja, kisha punguza wawe watatu, kisha wawili, kisha mmoja, uone bei inaruka wapi. Ikiruka, unaweza kukata kwa mafungu mawili, wawili kwa rahisi na wawili kwa ghali. Ubaya wake ni kwamba mnakuwa na bukingi mbili, ndege ikifutwa wanaweza kuwapangia safari tofauti, kwa hiyo mtoto asitenganishwe na mkubwa wake kwenye bukingi. Mi kwa safari ya moja kwa moja nafanya, kwa ya kuunganisha sifanyi.

Mizigo. Ile bei inayotokea ya kwanza kwenye orodha mara nyingi ni nauli ya chini kabisa, na kwenye baadhi ya mashirika hiyo hairuhusu hata begi la kuweka juu ya siti, unaruhusiwa la chini ya miguu basi. Msimu wa sikukuu nani anasafiri na kibegi cha laptop peke yake? Kuna kichujio cha mabegi, kiwashe mapema, utaona orodha inajipanga upya na yule aliyekuwa wa kwanza anashuka chini kimyakimya.

Mawakala sasa. Google Flights inaweka bei ya shirika lenyewe na bei za mawakala wa mtandaoni sehemu moja, na wakala mara nyingi kapungua kidogo tu. Kuna mmoja, sitamtaja, nilibonyeza bei nzuri, nikajaza majina, nikajaza pasipoti, kufika ukurasa wa malipo bei imepanda na wameniwekea bima ambayo sijaiomba, tiki ishawekwa tayari. Na ukishanunua kwa wakala halafu ratiba ikabadilika, shirika linakwambia ongea na wakala, wakala anakwambia subiri shirika, mnazungushana hivyohivyo na sikukuu inakaribia. Kwa tofauti ndogo mi nalipa shirika moja kwa moja, bila kujiuliza.

Skyscanner je, ule mtandao mwingine wa kutafutia tiketi? Ile nayo ninayo kwenye simu na siifuti. Inakuletea mawakala wengi zaidi, na ina ile ya kutafuta popote, unaweka unapotoka tu inakupangia nchi kuanzia ya bei ya chini, raha sana kama hujaamua uende wapi. Google nao wana ramani ya kazi hiyohiyo na mi naona ramani inasomeka vizuri zaidi. Ila ukiwa na Skyscanner angalia sana zile safari zinazounganishwa kwa tiketi mbili tofauti, ukichelewa ya kwanza ya pili haikusubiri na hakuna wa kumdai. Usidhani pia kwamba Google inaonyesha kila ndege duniani, shirika la Southwest la Marekani lilikaa nje ya Google Flights miaka yote hiyo, likaingia 2024.

Na jamani hii ya kutafuta kwa kujificha kwenye brauza ili bei isipande, sijui kukata Jumanne usiku, achaneni nayo. Bei inapanda kwasababu fungu la rahisi limeisha, haipandi kwasababu umerudi kuangalia.

Kinachofanya kazi ni ile alama ya kufuatilia bei. Unaiwasha kwenye safari yako, wanakutumia barua pepe bei ikipanda au kushuka, na pale juu wanakuandikia kama bei ya sasa ni ya chini, ya kawaida au ya juu ukilinganisha na ilivyozoeleka. Mashirika mengi yanafungua tiketi kama miezi 11 kabla, kwa hiyo ya Desemba unaweza kuanza kuifuatilia Februari bila presha, ila mi nikiona imeandikwa ya chini kwa tarehe za sikukuu sisubiri ishuke tena, nakata.

Na ukikata tiketi usiizime hiyo alama papo hapo. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani sheria inalitaka shirika likupe saa 24 za kughairi bila faini, au likushikie bei muda huohuo bila kulipa, mradi umekata siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, na mashirika mengine yanatoa hiyo nafasi hata kwa safari za kwingine, soma masharti yao. Bei ikishuka ndani ya hizo saa, unaghairi na kukata upya kwa bei ya chini, na hapo utashukuru kwamba ulilipa kwa shirika na si kwa wakala.