Databesi kwa kontena: uzoefu wangu na Docker hapa Kisumu

Mimi najitegemea, naundia watu mifumo midogo midogo, duka la spea hapa Kondele, shule moja upande wa Ahero, na zamani databesi nilikuwa naziweka moja kwa moja kwa laptopu. Shule inatumia Postgres 12 (Postgres ni programu ya databesi) kwa sababu seva yao ni ya kitambo na hawataki iguswe, ya duka nimeijenga na 16, sasa zote mbili ziko kwa mashini moja, moja poti (namba ya mlango wa kuingilia) 5432 nyingine 5433, na mimi saa sita usiku macho yamechoka sijui nimeingia gani. Siku nilipoendesha maigresheni (amri za kubadilisha muundo wa databesi) ya duka ndani ya databesi ya shule (ya majaribio, shukuru Mungu) ndio nikasema basi, wacha nijaribu hii Docker, programu inayoweka kila databesi kwa kisanduku chake peke yake, ndio kontena.

Kuanza si kazi. Faili moja ya compose (maelezo ya kontena unayotaka) kwa kila folda, unataja imeji (kifurushi cha programu kilicho tayari), paswadi, poti, voliumu, kisha docker compose up -d. Paswadi usiposema Postgres inakataa kuwaka kabisa, hiyo mimi naona ni sawa. Kama unatumia data ya simu kama mimi chukua imeji ya alpine, ni ndogo kuliko ile ya kawaida, na ukishaivuta mara moja imekaa, siku nyingine inawaka sekunde chache tu hata bila intaneti. Nikimaliza ya shule nazima, nahamia folda ya duka, hakuna tena kuchanganya.

Sasa kilio. Wiki ya pili nilitaka kuona vizuri kinachoendelea nikizima, nikaandika docker compose down -v, nikidhani hiyo v ni ya kuonyesha maelezo kama kwa amri zingine nyingi. Kumbe v ni voliumu! Inafuta. Majina ya wanafunzi karibu mia tatu ya kujaribia, nimeyaingiza kwa mkono siku mbili nzima, yote yakaenda na mimi nimekaa hapo nikiangalia terminali imeandika Removed kwa upole kabisa. Kontena yenyewe ni kama kibanda cha soko la Kibuye, unabomoa jioni unasimamisha tena kesho, lakini mali lazima iwe stoo, na stoo ndio voliumu. Alafu angalia folda ya ndani ya kontena unayoifunga nayo hiyo voliumu, kuanzia Postgres 18 imeji ya rasmi inataka /var/lib/postgresql, ile ya zamani iliyoishia na data ni ya matoleo ya nyuma.

Kingine kilichonisumbua ni paswadi, nimebadilisha kwa faili, nimezima nimewasha, bado inakataa, nusu ya Jumamosi imeenda. Ile paswadi inasomwa mara ya kwanza tu, wakati voliumu iko tupu, na skripti za kuanzia ni vivyo hivyo. Kama data iko ndani tayari ingia ndani ya databesi ubadilishe kwa amri ya ALTER USER. Na kama programu yako pia iko ndani ya kontena usiiambie localhost, hapo inajitafuta yenyewe, iite databesi kwa jina uliloipa kwa compose, mimi yangu ni db, na poti ni 5432 hata kama nje umeweka 5433.

Lakini iliyonichekesha ni ya saa. Nimempelekea mama mwenye duka laptopu aone ripoti ya mauzo, akaangalia mstari wa kwanza, 05:30, akavua miwani akaniuliza, "Kijana wangu, nani alifungua duka langu saa kumi na moja na nusu alfajiri?" Alikuwa ashaanza kumshuku yule kijana wa kaunta. Kontena inakaa kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu, hiyo mauzo ilikuwa ya saa mbili na nusu asubuhi. Nikaweka ALTER DATABASE duka SET timezone TO 'Africa/Nairobi' na kolamu za saa zote ni timestamptz (aina inayozingatia saa za eneo), ikatulia. Yule kijana hajui alivyoponea.

Laptopu yangu ni RAM ya GB 8, niko Linux na sioni uzito wowote. Mwenzangu ako Windows, huko Docker inapitia WSL 2 (Linux ndani ya Windows) ambayo inaweza kuchukua mpaka nusu ya RAM, ikabidi aipunguze kwa faili ya .wslconfig. Stima ikipotea na betri ikaisha, Postgres inasoma rekodi zake za mabadiliko ikiwaka inajirekebisha, imenitokea mara kadhaa na sijapoteza kitu.

Kwa kazi ya kuunda mfumo sirudi nyuma. Seva ya shule yenyewe sijaigusa na siigusi. Kila jioni napiga pg_dump (amri ya kutoa nakala ya databesi) kwanza ndio nafunga laptopu, na wale wanafunzi mia tatu niliwarudisha, safari hii kwa skripti.