Shingo yangu na zoezi la kidevu: uzoefu wangu wa fiziotherapia

Kwa miezi minne shingo yangu haikugeuka kulia. Nikiitwa, nageuka mwili mzima. Maumivu yalianzia chini ya kisogo yakashuka mpaka begani, na jioni, baada ya kushinda kwenye kompyuta, kichwa nilikiona kizito kama mtungi uliojaa maji.

Mahali pa kwanza nilipokwenda kutibiwa walinikanda, wakaniwekea joto na ile mashine ya umeme yenye vibandiko. Nilitoka nimelegea vizuri, kesho yake maumivu yako palepale. Nilirudi mara sita. Hakuna aliyeniuliza nakaaje kazini wala nalalaje, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mtaalamu wa pili alianza na maswali. Mkono unakufa ganzi? Vitu vinakuponyoka? Unayumba ukitembea? Umewahi kupata ajali? Akasema jibu la ndiyo kwa mojawapo lingetaka daktari anione kwanza kabla yeye hajaigusa shingo.

Kisha alinilaza chali, akaniwekea chini ya shingo kifuko cha hewa chenye mshale, kama kipimo cha presha. Mshale ulikuwa kwenye 20. Nikaambiwa niitikie kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali jambo bila kusema, mshale ufike 22, niushikilie hapo sekunde 10. Halafu 24, na kuendelea hadi 30. Kwenye 24 tu mshale ukaanza kutetemeka na misuli ya mbele ya shingo ikasimama kama kamba. Akanishika kidole, akanigusisha pale: "Hii haitakiwi kukaza. Misuli ya ndani, inayoshikilia pingili za shingo, ndiyo imelala."

Hapo nikaelewa kwa nini kukandwa peke yake hakukunisaidia. Misuli iliyokuwa ikikandwa ilikuwa imechoka kwa kubeba kazi ya ile ya ndani.

Naye alitumia mikono, lakini kwa dakika chache: vidole gumba vikibonyeza pingili moja moja, taratibu, mpaka shingo ikaanza kuachia. Muda uliobaki wote ulikuwa wa mazoezi. Kurudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa. Kusukuma kiganja kwa paji la uso huku shingo haisogei. Kuvuta mabega nyuma na chini. Nilipoomba kola ya shingo, ile ya kuvaa ili shingo isisogee, alikataa, akisema nikiizoea misuli itazidi kudhoofika.

Wiki mbili za kwanza sikuona nafuu yoyote, nikakaribia kuacha. Ya tatu nikaamka nikageuka kulia bila kufikiri. Ya sita nilishikilia mshale kwenye 28.

Kasoro ni moja. Karatasi ya michoro aliyonipa haikuonyesha kidevu kinarudi kwa kiasi gani, na nyumbani nilikuwa nakivuta kwa nguvu mno hadi kisogo kikauma. Mwombe mtaalamu wako akurekodi kwa simu yako ukiwa unafanya zoezi mbele yake.