Kifurushi cha kupika bia kali ya Kiskoti nyumbani: kimea cha kusifiwa, maelekezo ya kusahihishwa

Wee heavy ni bia ya Kiskoti yenye kimea kingi, uchungu mdogo na kilevi cha kati ya asilimia 6.5 na 10, na kifurushi ninachokitathmini hapa kimepangwa ili mtu aipike jikoni kwake, lita 10 kwa mpigo mmoja. Nilikinunua Uskoti kwa pauni 30 kasoro kidogo katika duka la vifaa vya wapika bia wa nyumbani, ambalo silitaji kwa kuwa vifurushi vya mpangilio huu vinauzwa na maduka mengi, na karatasi zake za maelekezo hufanana mno. Hukumu yangu naitoa mapema: vitu vilivyomo ndani vina thamani ya fedha zake, isipokuwa pakiti moja, lakini karatasi iliyoambatana navyo itamfikisha mnunuzi kwenye bia ya kawaida wakati mkononi mwake ana vitu vya kutengenezea bia bora sana.

Ndani ya boksi mna kilo 4 za kimea cha shayiri aina ya Golden Promise kilichokwisha kuvunjwa, gramu 60 za shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, gramu 100 za kimea kilichofukizwa kwa moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaokaushwa na kuchomwa kama kuni), gramu 25 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, aina ya East Kent Goldings, pakiti moja ya hamira ya maji namba 1728 ya kampuni ya Wyeast, na mfuko wa kitambaa cha wavu wa kulowekea nafaka. Golden Promise ndiyo sababu ya kwanza ya kukinunua. Ni shayiri iliyoingia mashambani Uskoti katika miaka ya 1960, baada ya kupatikana kwa kupiga mionzi ya gama aina ya zamani iitwayo Maythorpe, na wakulima waliipenda kwa sababu bua lake ni fupi, halilazwi ovyo na upepo, na masuke yake hukomaa mapema. Baadaye wengi wao walihamia aina zenye mavuno makubwa zaidi, lakini wapika bia na baadhi ya watengenezaji wa wiski waliendelea kuililia kwa utamu wake. Kimea nilicholetewa kilikuwa kimevunjwa kwa uangalifu: ukikichota kwa kiganja unaona kila punje imegawanyika vipande viwili au vitatu, maganda yamebaki karibu mazima, na unga ni mchache, kwa hiyo maji hupita bila mchanganyiko kukamatana kama ugali.

Juu ya boksi pameandikwa “90/-”, na msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hatahitaji kufafanuliwa alama hiyo. Katika karne ya 19 wapika bia wa Uskoti walizipanga bia zao kwa bei ya pipa, ya shilingi 60, ya 80 na kuendelea, na kwa kawaida iliyokuwa kali zaidi ndiyo iliyokuwa ghali zaidi. Bei hizo zilikwisha zamani, nambari zikabaki kwenye lebo.

Kasoro ya kwanza ya maelekezo iko kwenye joto la kuloweka kimea. Karatasi inasema nyuzi 65 za Selsiasi kwa saa moja, kipimo kinachofaa bia nyepesi ya kunywewa siku ya jua. Vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea havifanyi kazi moja katika kila joto: karibu na nyuzi 63 hadi 65 huzalisha kwa wingi sukari ndogo ambayo hamira huila yote, ilhali karibu na 69 hubakiza sehemu kubwa zaidi ya sukari ndefu ambazo hamira haiziwezi, na hizo ndizo zinazoipa bia hii uzito wake mdomoni. Mimi nililoweka kwa nyuzi 69 katika lita 12 za maji, nikafunika sufuria kwa blanketi, kisha nikainua mfuko, nikauacha uchuruzike na kuyasuuza machicha kwa lita 6 nyingine za maji ya moto. Nilipata takriban lita 14 za maji matamu ya kimea, kiasi kinachotosha kuchemshwa kwa muda mrefu bila kupungukiwa.

Katikati ya kazi hiyo pana hatua ambayo karatasi haiitaji kabisa, nayo ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote. Kabla ya kusuuza machicha, chota lita 2 za maji ya kwanza, ambayo ndiyo matamu zaidi, uyatie kwenye sufuria pana pembeni na kuyachemsha kwa moto mkali hadi yabaki nusu lita. Mwanzoni povu ni jeupe na la haraka, na harufu ni ya uji wa nafaka. Maji yanapopungua, mapovu huwa makubwa, mazito, yanang'aa na kupasuka polepole, rangi inatoka kwenye dhahabu na kwenda kwenye wekundu wa kahawia, na harufu inageuka kuwa ya sukari iliyoanza kuungua pamoja na ganda la mkate. Katika dakika za mwisho usiondoke jikoni na usiache kukoroga, kwa maana kati ya sharubati nzuri na masizi machungu pana muda mfupi sana. Kinachotokea humo si kuungua kwa sukari peke yake. Kwa sehemu kubwa ni sukari kukutana na asidi za amino katika joto, mmenyuko ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ambao pia ndio unaoipa nyama ya kuchoma rangi na harufu yake. Sharubati hiyo hurudishwa kwenye sufuria kubwa na yote kuchemshwa kwa dakika 90. Sidai kwamba viwanda vya kale vya Edinburgh vilipika hivi; ni mbinu ya wapika bia wa nyumbani wa zama zetu, na inafaa kwa sababu sufuria ya jikoni haina ukubwa wala moto wa mtungi wa kiwandani.

Sasa ile pakiti ya kimea cha moshi. Ushauri wangu ni kuiacha ilipo, au kumpa rafiki anayechoma samaki. Muuzaji ameiweka kwa dhana kwamba kila kitu cha Uskoti lazima kinuke moshi wa mboji kama wiski ya kisiwa cha Islay, lakini wiski na bia ni mila mbili tofauti. Miongozo ya BJCP, shirika la Marekani linalofundisha majaji wa mashindano ya bia, imekataa kimea cha mboji katika bia za Kiskoti, kwa hoja kwamba si cha asili na kwamba huacha ladha chafu. Moshi wa mboji hauna kiasi: katika chombo cha lita 10, gramu 100 hutosha kuufunika utamu wote uliotafutwa kwa saa nzima jikoni, na bia inapokaa chupani utamu hulainika na moshi hubaki umesimama mbele. Wekundu unaohitajika unapatikana kwa zile gramu 60 za shayiri iliyokaangwa, na hapo nampongeza aliyekadiria, maana hazionjeki kabisa ila rangi yake inaonekana ukiinua glasi dhidi ya taa.

Kuhusu hopsi sina malalamiko. Gramu 25 za East Kent Goldings zikichemshwa kwa saa moja huleta uchungu unaotosha kuzuia bia isichoshe ulimi. Karatasi inaongeza hadithi kwamba Waskoti walitia hopsi chache kwa sababu hazimei kwao. Kumbukumbu za viwanda vya Edinburgh za karne ya 19 zinaonyesha hopsi zikinunuliwa na kutumika kwa wingi, lakini hadithi haiharibu bia.

Hamira ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapa karatasi inaweza kuharibu kazi nzima. Maji ya kimea kabla ya kuchachushwa yalisoma 1.080 kwenye haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji yenye sukari kwa kuyalinganisha na maji matupu (1.000), na kwa lita 10 za uzito huo kanuni inayotumiwa na wapika bia inadai seli takriban bilioni 145 za hamira. Wyeast wenyewe wanaandika kwamba pakiti yao ina takriban bilioni 100. Karatasi inaagiza pakiti imiminwe moja kwa moja, na anayefuata agizo hilo anaikabidhi hamira mzigo unaoizidi: huenda ikachelewa kuanza, ikatoa ladha za matunda yaliyoiva kupita kiasi, na ikalala kabla ya kumaliza sukari. Dawa yake ni rahisi. Siku mbili kabla ya kupika, chemsha gramu 100 za unga wa kimea (yaani maji ya kimea yaliyokaushwa, si nafaka iliyosagwa) katika lita moja ya maji, upoze, utie hamira humo kwenye chupa safi na kuitikisa kila unapopita, ili iongezeke kabla haijapelekwa kazini. Unga huo haumo kifurushini, nao ungeongezwa kwa gharama ndogo kuliko ya kile kimea cha moshi. Vilevile karatasi haisemi lolote juu ya kuyapiga maji yaliyopoa ili yaingie hewa, wakati bia kali kama hii inaihitaji kuliko bia nyepesi.

Joto la kuchachushia limeandikwa kuwa nyuzi 18 hadi 22. Hamira ya 1728 imetengenezewa nyuzi 13 hadi 24, kwa hiyo karatasi haidanganyi, ila inaficha sifa kuu ya hamira hii, ambayo ni kufanya kazi vizuri kwenye ubaridi. Nilihifadhi ndoo katika chumba cha nyuma kisichowashwa hita, kipimajoto kikiwa kati ya 15 na 16, na uchachushaji ulikwenda taratibu, bila povu kufurika na bila ile harufu kali ya kilevi inayopanda puani. Haidromita ilitulia kwenye 1.023, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni kilevi cha karibu asilimia 7.5. Hamira hii ikimaliza kazi hushuka na kushikamana chini ya ndoo kiasi kwamba unaweza kuhamisha bia bila kuchukua mashapo mengi.

Katika kujaza chupa, karatasi inataka gramu 8 za sukari kwa kila lita. Nilitia 4. Bia hii haipaswi kuchemka kwenye glasi kama soda, na gesi nyingi huukata ule uzito uliotafutwa tangu kwenye kuloweka kimea. Kisha karatasi inatangaza kwamba bia iko tayari baada ya majuma matatu, na katika maelekezo yote hili ndilo agizo lililonikera zaidi, kwa sababu linamnyima mnunuzi kile alicholipia. Chupa niliyofungua mapema ilikuwa tamu upande mmoja na kali upande mwingine, kama vimiminika viwili visivyosalimiana. Zilizokaa miezi kadhaa mahali pa giza na baridi zilikuwa bia nyingine kabisa: tofi, zabibu kavu, ganda la mkate, na mwisho mkavu kidogo unaokaribisha funda la pili.

Ili kuipima kwa haki niliiweka kando ya Traquair House Ale, ambayo kwa wapenzi wengi wa bia za namna hii ndiyo kigezo. Inapikwa katika jumba la kale la Traquair, Innerleithen, Uskoti, kwenye mitambo ya karne ya 18 iliyofufuliwa na Peter Maxwell Stuart mwaka 1965. Huchachushwa kwenye mapipa ya mwaloni na ina kilevi cha asilimia 7.2. Rangi za glasi mbili zilikaribiana sana. Kwenye harufu Traquair ilitangulia, kwani ina ukavu wa mbao na mguso wa viungo ambao ndoo ya plastiki haiwezi kuutoa. Kwenye uzito mdomoni bia ya kifurushi haikuachwa nyuma, nami naamini ile nusu lita ya sharubati ndiyo iliyoibeba. Mwishoni Traquair husafisha ulimi vizuri zaidi, yangu ikiacha utamu kidogo.

Kwa gharama, kifurushi kilitoa chupa 24 za mililita 330, yaani takriban pauni moja na robo kwa chupa bila kuhesabu vifaa. Uingereza iliondoa leseni ya upikaji wa nyumbani mwaka 1963, wakati Reginald Maudling akiwa waziri wa fedha, hivyo mtu hupika bila kibali mradi ni kwa matumizi yake na hauzi. Anayeanza kabisa upishi wa nafaka asianze na bia hii. Apike kwanza ya nguvu ndogo, ajue sufuria yake inapoteza maji kiasi gani kwa saa. Mwenye uzoefu anaweza kununua Golden Promise, hopsi na hamira kila kimoja peke yake, akaepuka kulipia kimea cha moshi.

Kwa anayefikiria kukibeba kwenda Mombasa, Zanzibar au Muscat, shida itakuwa joto. Hamira ya maji huchoka haraka ikisafiri bila barafu, na ndoo iliyoachwa kwenye nyuzi 30 itatoa bia inayonukia ndizi mbivu na kuumiza kichwa, hata kama kila kitu kingine kimefanywa sawasawa. Huko kifurushi hiki kinahitaji friji ya zamani iliyofungwa kidhibiti joto, na bei ya kidhibiti hicho iingizwe kwenye hesabu kabla boksi halijanunuliwa.