Skana ya SCSI na Kompyuta ya Zamani: Kipi cha Kununua, na kwa Mpangilio Gani

Aliyerithi skana ya SCSI, yaani aina ya zamani ya tundu na kebo za kuunganisha vifaa na kompyuta, kutoka studio ya picha au ofisi ya uchapaji iliyofungwa hana sababu ya kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Skana ya filamu kama Nikon LS-2000, inayosoma nukta 2,700 kwa inchi, bado inazitendea haki negativu za milimita 35 kwa kiwango ambacho skana nyingi za mezani za bei nafuu hazikifikii. Kinachokwamisha ni kwamba kompyuta za leo hazina tundu la kuipokea, na njia za kuvuka kikwazo hicho zinatofautiana sana kwa gharama na kwa usumbufu. Nimezipanga hapa kuanzia ile ninayoiona bora hadi ile ya kuigusa pale tu nyingine zote zinapokosekana.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, mnunuzi atafute kwanza programu itakayoiendesha skana yake, kwa sababu kadi ya kuipa kompyuta tundu la SCSI na kebo yake hupatikana kwa kutafuta, lakini draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, ikiwa haikuwahi kuandikwa hakuna fundi atakayekuuzia. Watengenezaji wengi waliandika draiva kwa ajili ya Windows 98, 2000 na XP za biti 32, au kwa Macintosh za wakati huo, wakaishia hapo. Wenye Linux wana unafuu, kwani SANE, mradi wa programu za bure za skana, una draiva za skana nyingi za Epson, HP, UMAX, Microtek na Nikon za enzi hizo. Programu ya VueScan nayo huendesha nyingi, ila ni ya kulipia. Programu ikishajulikana, ndiyo itakayoamua kompyuta, na kompyuta ndiyo itakayoamua kadi.

Nafasi ya kwanza naipa kadi ya PCI iliyo kamili, ya kuchomekwa kwenye nafasi za ndani za kompyuta ya mezani, hasa Adaptec AHA-2940, ikichomekwa kwenye kompyuta ya mezani ya Pentium III au Pentium 4. Ukiulizia mashine ya aina hiyo kwa mafundi wa Kariakoo, huenda ukaonyeshwa moja iliyowekwa pembeni ikisubiri kutolewa vipuri, na bei yake ni ya maelewano. Windows 2000 na XP zinaitambua kadi hii bila diski ya nyongeza, ingawa programu nyingi za skana zitahitaji pia ASPI, programu inayoziwezesha kuwasiliana na kadi ya SCSI, ambayo XP haiji nayo na hulazimu kuwekwa kando. Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni BIOS, programu ndogo ya kuanzia kazi, iliyomo ndani ya kadi yenyewe. Unapoiwasha kompyuta, kabla Windows haijaanza, kioo kinaorodhesha kila kifaa kilichounganishwa, namba yake ya utambulisho na jina la aliyekitengeneza. Ukiliona jina la skana yako kwenye orodha hiyo, umejua kwamba kebo, terminata (kifungio cha ncha ya mnyororo wa vifaa) na namba havina tatizo kubwa, na kitakachogoma baada ya hapo huenda ni programu. Ukibonyeza Ctrl na A wakati huo huo unaingia kwenye mipangilio, ambako ni busara kuishusha kasi ya skana hadi megabaiti 5 kwa sekunde na kuzima mapatano ya kasi, yaani kadi na kifaa kuafikiana kasi ya kutumia, kwa kuwa baadhi ya skana za zamani hukwama hapo. Soma pia herufi zinazofuata namba ya kadi: AHA-2940UW ina tundu la nje la pini 68, na kuiunganisha na skana ya pini 50 kunadai adapta ya ziada inayofunga vizuri zile nyaya zisizotumika.

Ya pili ni kadi za kompyuta za mapajani, yaani Adaptec APA-1460 na ile ya CardBus (aina mpya zaidi ya tundu la kadi la kompyuta za mapajani), APA-1480. Zinafanya kazi vizuri na hazili nafasi mezani, lakini kebo yake ina kichwa chembamba cha aina yake ambacho hakiingiliani na kingine. Kadi isiyo na kebo hiyo usiichukue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Nafasi ya tatu ni ya Macintosh. Kuanzia Macintosh Plus ya mwaka 1986 hadi Power Macintosh G3 ya rangi ya maziwa iliyotoka mwaka 1997, tundu la SCSI lilikuja na kompyuta yenyewe, hivyo hakuna kadi ya kununua. Kama tayari unayo moja iliyobaki kutoka kazi za uchapaji, kwako wewe hii ndiyo namba moja. Nimeishusha kwa sababu ya vipuri tu, maana chanzo cha umeme kikiungua utakisaka muda mrefu. Angalia pia kwamba tundu lake la pini 25 linafanana kabisa na tundu la printa la kompyuta nyingine, na kuchomeka kebo kimakosa kunaweza kuunguza vifaa.

Kadi ndogo ya ISA, aina ya kadi ya zamani kuliko PCI, iliyokuja ndani ya boksi la skana naiweka ya nne. Nyingi hazina BIOS, na Pentium 4 nyingi hazina nafasi ya ISA.

Ya mwisho ni adapta ya kutoka SCSI kwenda USB. Zile za USB 1.1 hazivuki megabaiti 1.5 kwa sekunde, wakati ukurasa mmoja wa A4 wa rangi kwa nukta 600 una takriban megabaiti 100. Kasi hiyo ingevumilika. Kisichovumilika ni kutegemea draiva mbili za zamani badala ya moja. Na ukiona BlueSCSI au SCSI2SD zikitangazwa mtandaoni, fahamu kwamba kazi yake ni kuchukua nafasi ya diski, si kuipa kompyuta tundu la skana.

Fedha utakayookoa kwenye kadi ielekeze kwenye kebo. Skana nyingi zina plagi pana ya pini 50 yenye vibanio viwili vya waya pembeni, wakati kadi ina tundu dogo la pini 50, kwa hiyo pima ncha zote mbili kabla ya kuagiza. Urefu wote, wa ndani na wa nje, usizidi mita 6 kwa kasi ya megabaiti 5, au mita 3 kwa megabaiti 10. Terminata hukaa kwenye ncha mbili tu za mnyororo. Ikikosekana, ishara hurudi nyuma kwenye waya na picha hukatika katikati. Chagua ile inayoitwa aktivu. Namba ya skana isiwe 7, ambayo kwa kawaida ni ya kadi, na skana iwashwe kabla ya kompyuta.

Kama skana yenyewe bado hujainunua, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba ichomekwe umeme, fungua skrubu ya kufungia kichwa wakati wa usafirishaji, kisha uhakikishe taa inawaka na kichwa kinatembea. Iliyotoka Marekani isomwe kibandiko kwanza: kikiandika volti 120 peke yake, nunua transfoma ya kushusha umeme kabla ya kuichomeka kwenye volti 230 za hapa.