Winchester Model 70 ya .375 porini Liwale: risasi nilizozipima na nitakazobeba

Bunduki yenyewe nitaisema kwanza, maana haina mgogoro. Ni Winchester Model 70 Safari Express, .375 H&H Magnum (.375 ni upana wa kichwa cha risasi kwa inchi), mtutu wa inchi 24, kilo 4 na ushee kabla ya kufungwa darubini. Kwa sisi wawindaji bingwa tunaoongoza wageni kwenye mbogo huku Liwale, .375 ndipo ngazi inapoanzia. Risasi hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na hadi leo ndiyo ninayoiona mikononi mwa wenzangu wengi.

Kilichonivuta kwenye Model 70 ni ukucha. Ule ukucha mrefu wa mtindo wa Mauser unalidaka ganda likiwa linatoka kwenye magazini, unalishika hadi chemba, wala hauliachii mpaka linaporushwa nje. Winchester waliuondoa mwaka 1964, wawindaji wakanuna kwa miaka mingi, ukarudishwa. Nimeweka risasi bandia, nikaigeuza bunduki chini juu, nikaisukuma bolti, lile komeo linaloingiza risasi chemba, taratibu, kisha kwa pupa. Ganda haliponyoki. Mbogo akikugeukia kwenye matete, utashukuru. Halafu kuna ule usalama wa hatua tatu: ukiuweka katikati, pini ya kufyatulia inabaki imefungwa lakini bolti inafunguka, kwa hiyo unatoa risasi ndani ya gari ukiwa na amani.

Sasa risasi. Hapa ndipo pesa inapoteketea, na hapa ndipo watu wanasoma boksi na kuamini.

Nilipanga meza ya shabaha mita 100 kutoka ukingo mrefu wa udongo wa korongo lililokauka, mifuko ya mchanga mbele na chini ya kitako, taulo begani kwa sababu .375 ukiipigia mezani haina huruma. Kipima kasi ni kile cha macho mawili: risasi inapita juu ya jicho la kwanza, kisha la pili, nacho kinahesabu muda wa kutoka hapa hadi pale. Kinakaa hatua chache mbele ya mtutu ili kishindo kisikivuruge. Kivuli cha mkorosho hakikifai kabisa: majani yakicheza, mwanga unapepesuka na kinaandika namba za kiajabu. Kinataka uwazi na mwanga uliotulia, hivyo asubuhi ndiyo saa yake. Nilipiga tatu tatu na kuuacha mtutu upoe hadi niweze kuushika kwa kiganja.

Viwanda viwili, vyote vichwa vya greni 300, yaani gramu 19.4, na maboksi yote yameandikwa mita 771 kwa sekunde. Sitavitaja majina, kwa sababu bunduki nyingine ya aina hii hii inaweza kupenda kile ambacho yangu imekikataa.

Risasi laini, zile ambazo kichwa chake hupanuka kikigonga, za kiwanda cha kwanza zilikuwa na kasi nzuri, wastani wa 768, karibu na ahadi ya boksi. Lakini kati ya iliyokwenda mbio zaidi na iliyokwenda polepole palikuwa na pengo la mita 24, na kwenye karatasi zilitawanyika milimita 60. Za kiwanda cha pili zilikuwa polepole, wastani wa 752, pengo la mita 9 tu, na vitundu viwili vikashikana, cha tatu upana wa kidole pembeni.

Najua wapo watakaochagua namba kubwa. Piga hesabu. Kwa 771, kichwa hicho kinabeba nishati ya takriban jouli 5,780. Kwa 752 kinabeba kama 5,500. Ni asilimia 5 hivi. Mbogo hasimami wala haanguki kwa asilimia 5. Anaanguka kwa mahali ulipomgonga. Tena namba za kiwanda mara nyingi hutoka kwenye mtutu wa majaribio, na mtutu wako ukiwa mfupi kuliko huo, kila inchi iliyopungua inakula mita kadhaa.

Kilichonimalizia ubishi ni risasi ngumu, zile ambazo kichwa chake hakipanuki bali hupenya moja kwa moja. Kwa mbogo ninaanza na laini, kisha ngumu zinafuata nyuma yake kwenye magazini, kwa hiyo lazima aina zote mbili ziende njia moja. Ngumu za kiwanda cha kwanza zilitua sentimita 11 kushoto na chini ya laini zao. Mzee wetu mfuata nyayo, Mngindo wa hapa hapa Liwale, alikwenda kuitazama karatasi, akaweka kidole kwenye kundi la pembeni: “Mwanangu, hizi zinakwenda kwao.” Ngumu za kiwanda cha pili zilitua sentimita 2 tu chini ya laini.

Mtu ataniambia kwamba mbogo hupigwa karibu, na kwa mita 40 zile sentimita 11 zinabaki kama 4 na nusu. Ni kweli kwa risasi ya kwanza. Ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi: mnyama amejeruhiwa, anaondoka, anakuonyesha matako, umbali unaongezeka kila sekunde, na ile ngumu ndiyo inayotakiwa kupenya hadi mapafuni. Risasi ya mbali ndiyo hiyo ngumu. Ikikosa, mnyama anateseka na mzee yule ndiye anayetangulia kuingia kichakani.

Nilijaribu pia greni 270. Ni nyepesi, zina mbio, zilitua juu kidogo. Zinafaa kwa pofu na kongoni. Kwa bunduki ya kazi kama hii sioni haja ya kuchanganya.

Jambo la joto msilipuuze. Niliacha baadhi ya risasi juu ya dashibodi mchana, nyingine kwenye boksi la ubaridi, zote za kiwanda cha pili. Za dashibodi ziliongeza mita 13 kwa sekunde na bolti ikawa nzito kuinuka. Baruti ikipata moto inawaka kwa nguvu zaidi, presha inapanda. Kwa jua la Oktoba la huku kusini, risasi zikae kwenye mkanda wa ngozi, kivulini, kamwe zisiachwe kwenye kioo cha gari.

Na kabla ya kulaumu risasi yoyote, kagueni skrubu za darubini. Fundi aliyenifungia yangu aliziacha mbili zimelegea, na hakuna boksi lingeweza kupiga sawa mpaka zilipokazwa upya.

Kwa hiyo bunduki naipa alama zote, na nitabeba za kiwanda cha pili, laini na ngumu. Ukiagiza, soma namba ya loti, yaani kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, kwenye kifuniko na uombe maboksi yote ya loti moja kwa kila aina. Duka likikuletea loti nyingine, rudi mezani uipime kabla hujaingia nayo porini na mgeni.