Kitini cha Fasihi ya Kiingereza, S5 na S6 (kidato cha tano na cha sita Uganda): kinafaa karatasi ya kwanza tu

Kitini hiki kilichopigwa stepla, cha kwenye vibanda vya fotokopi Kampala, kina nguvu katika karatasi ya kwanza ya mtihani wa UNEB, Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda: nathari (maandishi yasiyo ya kishairi) na ushairi. Kinasisitiza shairi lisomwe mara mbili kabla ya kushika kalamu, kisha kila mbinu iunganishwe na athari yake. Haitoshi kuandika "kuna takriri", yaani urudiaji wa maneno. Sema iko mstari upi na inamfanya msomaji ahisi nini. Hapo ndipo alama nyingi hupotea. Sehemu ya tamthilia na riwaya ni muhtasari mtupu. Anayeukariri ataishia kusimulia hadithi badala ya kujibu swali. Na huo wino! Kurasa za mashairi zimefifia hadi koma hazionekani, wakati koma ndiyo pumzi ya mstari.